Siku za mwisho za mwalimu, chaki bado mkononi

Wazazi na ndugu wachimbaji, huku Bunagana mwalimu mwenye amefikia retreti anawaza makuta mbele ya sherehe. Wengi katika Kongo wamezeeka na bado wako mbele ya ubao, kwani feza ya kuwaaga kazini haiyafika.

Sababu tunaijua. Mbele ya Septemba 2019, wakati masomo ya msingi ilianza kuwa bure kama Katiba ya 2006 inavyosema, ni sisi wazazi tulilipa primi ya mwalimu, na franga za shimo na za soko. Mwenye hakuwa na matrikuli ya SECOPE aliishi na primi ile tu. Leo kuhakikisha miaka ile ni kazi nguvu. Sisi wa shimo pia tunaijua: jasho bila karatasi.

Kisha, Juni 13, 2022, M23 iliingia Bunagana, watu wakakimbia na vitu kidogo. Mwanzo wa 2025 mabenki ya Goma nayo ikafungwa.

Basi, mbele mwalimu wetu aweke chaki chini, tumusaidie kukusanya barua ya kuwekwa kazini, matrikuli na karatasi za mushahara. Kopi zikae nyumba mbili. Na wenye alifundisha wakubali kumushuhudia.