Kifo cha Mahabusu na Mzani wa Mahakama



Mtu akifia nyumbani kwake, jirani huulizwa. Akifia njiani, wapita njia huulizwa. Lakini akifia mahabusu, waliopo ni askari wa zamu na mahabusu wenzake tu. Kwa sababu hiyo kesi za vifo vya namna hii huwa ngumu mahakamani. Leo tunazitazama kupitia mambo yaliyotokea kwa jirani zetu wa Kenya.

Mwezi Mei, 2012, Alexander Monson, Mwingereza mwenye umri wa miaka 28, alikamatwa Diani, pwani ya kusini ya Kenya, kwa tuhuma ya kuvuta bangi. Saa chache baadaye alikutwa hana fahamu katika kituo cha polisi, akafariki dunia siku hiyo hiyo. Polisi walieleza kwamba alizidisha dawa za kulevya. Madaktari waliochunguza maiti walieleza vingine: aliuawa na pigo la kichwani.

Hapa hapana budi kutenganisha maswali mawili. La kwanza, ni kitu gani kilichosababisha kifo? La pili, ni nani aliyekisababisha, na kwa dhamira gani? Daktari hujibu swali la kwanza. La pili hujibiwa na mashahidi, vitabu vya kituo na orodha ya waliokuwa zamu.

Mshtakiwa, hata akiwa askari, halazimiki kuthibitisha kwamba hana hatia. Mzigo huo ni wa upande wa mashtaka, nao hauna budi kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka yoyote ya maana. Shaka ya maana si kila "labda" inayoweza kubuniwa. Ni ile inayotokana na ushahidi wenyewe, au na upungufu wake. Ndiyo maana mawakili wa utetezi hushindana sana juu ya chanzo cha kifo. Ikiwa yamkini marehemu alikufa kwa ugonjwa, kwa kuanguka au kwa kujidhuru, mshtakiwa ana haki ya kufaidika na shaka hiyo.

Hata hivyo, Sheria ya Ushahidi ya Kenya humtaka mshtakiwa aeleze jambo ambalo yeye hasa ndiye anayelijua. Aliyeshika ufunguo wa seli ataulizwa yaliyotokea ndani yake. Maelezo yake yakipingana na majeraha ya maiti, huzidi kumtia mashakani.

Katika shauri la Monson, uchunguzi wa mahakama juu ya kifo hicho uliamua mwaka 2018 kwamba aliuawa akiwa mikononi mwa polisi. Askari 4 walishtakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Mwezi Novemba, 2021, Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani kwa kosa dogo zaidi, la kuua bila kukusudia, ikawahukumu kifungo. Tofauti ya makosa hayo mawili ni dhamira ya kuua. Hukumu hiyo ilitolewa baada ya miaka zaidi ya 9.

Swali hilo lilizuka tena mwezi Juni, 2025, mwalimu Albert Ojwang alipofariki katika Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walikuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo, na majeraha mengine mwilini yasiyolingana na maelezo hayo. Watu 6, wakiwamo polisi, walishtakiwa kwa mauaji, nao wakakana. Hatia au kutokuwa na hatia kwao ni jambo la mahakama peke yake kuamua.

Ndugu wasikilizaji, fundisho kwa askari ni wazi. Hali ya mtuhumiwa iandikwe anapoingia, pamoja na kila jeraha alilokuja nalo. Saa za kumkagua ziandikwe zinapopita, na akiugua daktari aitwe mara moja. Kifo kikitokea, seli isiguswe, na uchunguzi ufanywe na wasiohusika. Kitabu kilichoandikwa kwa uaminifu humkinga askari asiye na kosa, kwani pasipo kumbukumbu wote waliokuwa zamu hutiliwa shaka. Na anayebuni chanzo cha kifo akumbuke kwamba njia ya mwongo ni fupi.