Sisimizi na njia za habari

Wengi wetu tumepata kuwatazama sisimizi wakifuatana mstari mmoja mpaka penye punje ya sukari. Nani amewaonyesha njia? Hawana mkubwa wa kuwaongoza, wala hawaoni mbali.

Jibu ni harufu. Kila mmoja apitapo huacha harufu chini, na wenzake huifuata. Huko Bruxelles, Jean-Louis Deneubourg na wenzake waliwajaribu sisimizi wa Argentina, wakatangaza habari zao mwaka 1989. Walitengeneza daraja la njia mbili kufikia chakula, moja ndefu mara mbili kuliko ya pili. Waliopita njia fupi walirudi upesi, harufu yake ikazidi, na baada ya dakika chache karibu wote waliifuata.

Lakini tuangalie vizuri. Njia ndefu ilipowekwa kwanza peke yake, na ile fupi kuongezwa baada ya nusu saa, sisimizi wengi walibaki katika njia ndefu. Harufu ya zamani iliwafunga.

Basi, kompyuta nazo hutumiana habari namna ya posta. Habari hukatwa vipande, na kila kipande hupita kituo kwa kituo. Kila kituo kina daftari la kuonyesha jirani wa kupokea kipande. Njia iliyokuwa nzuri asubuhi, pengine mchana imejaa au imekatika. Daftari lisipobadilika, vipande hungoja, vingine hupotea.

Mwitalia Marco Dorigo, pamoja na Gianni Di Caro, alitangaza mwaka 1998 utaratibu uitwao AntNet. Kila kituo hutuma mara kwa mara «sisimizi» asiye na mwili, yaani kijibarua tu. Huyo hungoja foleni pamoja na vipande vingine, kusudi apime ukawivu wenyewe. Akifika, hurudi kwa njia ile ile, safari hii akipishwa mbele, na katika kila kituo husahihisha daftari. Nalo daftari hugawa bahati: tuseme sehemu 7 kwa jirani huyu, 3 kwa yule. Mmoja akiongezewa, mwingine hupunguziwa. Na kwa kuwa hata njia isiyopendwa hujaribiwa mara moja moja, njia mpya iliyo fupi haisahauliwi kama kule darajani.

Tusizidishe sifa. Majaribio hayo yalifanywa juu ya mifano ya mitandao, kama ule wa Marekani wenye vituo 14, si juu ya nyaya zenyewe. Humo AntNet ilishinda taratibu zilizolinganishwa nayo, lakini intaneti ya leo hutumia zaidi taratibu nyingine. Tena sisimizi wakitumwa wengi mno, wao wenyewe hujaza njia.