Mbona Gari "Huja Ghafla"? Jaribio la Lenzi kwa Kikundi Chenu



Wengi wetu tukitoka mashambani kwenda Nairobi hushukia Kangemi, kando ya Waiyaki Way. Mtu hutazama barabara, akasema, "Hiyo gari bado iko mbali," akavuka. Kumbe imeshamfikia! Je, jicho limemdanganya? Tujionee wenyewe.

Mnahitaji: lenzi iliyonenepa katikati (ile ya kukuzia maandishi), karatasi nyeupe, na chumba chenye giza kidogo ambacho dirisha lake linatazama barabara.

Jinsi ya kufanya: Elekezeni lenzi dirishani na mshike karatasi nyuma yake. Sogezeni karatasi polepole mpaka picha ya nje ionekane wazi. Mtaona imepinduka, juu chini. Gari ikielekea mjini, picha yake huelekea upande wa Kikuyu, maana mwanga ukipita kwenye lenzi hupishana.

Angalieni sasa gari inayokuja. Tuseme karatasi iko sentimita 20 nyuma ya lenzi, na matatu ina kimo cha mita 2:

- Ikiwa mita 100, picha ni milimita 4.
- Ikiwa mita 50, ni milimita 8.
- Ikiwa mita 25, ni milimita 16.

Matatu ikienda kilomita 72 kwa saa, hupita mita 20 kila sekunde. Kutoka mita 100 hadi 50 huchukua sekunde 2 na nusu, na picha huongezeka milimita 4 tu. Kutoka mita 50 hadi 25 ni sekunde 1 na robo, na picha huongezeka milimita 8. Mwendo ni ule ule, lakini picha hukua pole pole, halafu kwa ghafla. Wakati huo imebaki sekunde 1 na robo tu!

Jicho nalo lina lenzi, na karatasi yake ni retina iliyo nyuma. Picha ya gari ya mbali hukua humo kidogo sana, ndiyo maana twaona kama imesimama. Watoto hukosea zaidi.

Basi tusipime mwendo kwa macho. Penye daraja la miguu, tupitie hapo, hata kama ni kuzunguka.

Angalizo: Msitazame jua kwa lenzi kamwe. Huunguza jicho.