Mwanafunzi wa Ustawi wa Jamii na Heshima ya Mnyonge

Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda chuo cha taifa cha kufundisha wafanyakazi wa ustawi wa jamii. Leo chuo hicho, kilichoko Kijitonyama, Dar es Salaam, kinaitwa Taasisi ya Ustawi wa Jamii. Katika makala haya tunakusudia kueleza mwenendo unaotakiwa kwa mwanafunzi wa kazi hii anapokwenda wilayani kwa mafunzo ya vitendo, na sababu za mwenendo huo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, serikali ya kikoloni ilijenga vituo vya ustawi, ikiwafikiria kwanza askari waliorudi kutoka vitani. Haikuuliza kwa nini mkulima ni maskini, kwani jibu lingeigusa yenyewe. Ustawi ukawa fadhila ya mtawala. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisimama juu ya msingi mwingine, yaani usawa wa binadamu. Kwa hiyo mwananchi anayefika ofisi ya ustawi haombi sadaka, anafuata haki yake. Mambo yote tunayoyaeleza hapa yanatokana na hoja hiyo.

Kwanza, heshima. Kijana anaweza kukabidhiwa faili la mama wa rika la mama yake, aliyetelekezwa na mumewe. Mama huyo huamkiwa, hupewa kiti, husikilizwa mpaka mwisho. Kazi yetu ni kumweleza njia zilizopo na matokeo ya kila njia. Uamuzi ni wake. Kumwamulia ni kasumba ileile ya kikoloni.

Pili, siri. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini mzazi hujifunua mbele ya mkunga, si mbele ya soko zima. Mwanafunzi anayesimulia bwenini habari za mwananchi amevunja dhamana. Hata hivyo siri ina mpaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mahali pake. Basi mwanafunzi asiahidi siri isiyo na mpaka. Aueleze mpaka huo mapema.

Tatu, ukweli. Mtoto anaposhtakiwa, Mahakama ya Watoto hutegemea taarifa ya afisa ustawi kuhusu maisha ya mtoto huyo. Sheria hairuhusu mtoto afungwe jela, lakini anaweza kupelekwa shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya, mbali na kwao. Anayeandika kwamba nyumbani hakuna malezi, na nyumba hiyo hajaikanyaga, ametumia kalamu kuonea. Aliyoyaona ayatenge na aliyoambiwa, na yote mawili ayatenge na maoni yake.

Nne, zawadi. Mwananchi akileta kuku wa shukrani, kumkatalia kwa ukali ni dharau. Kumpokea nako kunamfundisha jirani asiye na kuku kwamba mlango huu si wake. Mwanafunzi ashukuru, akatae kwa upole, aeleze kwamba huduma ni haki, kisha amjulishe msimamizi wake.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno matupu pale ambapo afisa hana usafiri wala fungu la fedha. Ni kweli kwamba heshima haishibishi. Lakini kumsikiliza mtu hakuhitaji fungu, na kunafungua njia ya hatua inayofuata. Wanawake kumi wa kijiji kimoja wakileta shida moja, hiyo si tena aibu ya nyumba kumi. Ni jambo la kijiji. Mwanafunzi, bila kutaja majina, alipeleke kwa msimamizi wake ili lifike serikali ya kijiji na kujadiliwa na wananchi wenyewe. Asiyejua kumheshimu mama mmoja hatawahi kuzisikia sauti hizo kumi. Na jamii isiyozisikia itabaki kugawa sadaka, huku chanzo cha umaskini kikiachwa palepale.