Je, Wajua? Maajabu ya Wanafunzi wa Uhandisi

Je, wajua kwamba wanafunzi wa Uswisi waliunda gari la umeme linalotoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 0.956 tu? Ilikuwa Septemba 2023, na lilihitaji mita 12.3 za barabara. Kabla hujamaliza kusema "twende," limeshafika!

Hukohuko Uswisi, chuo cha ETH Zurich mwaka 2005 kilitoa kigari cha hidrojeni kiitwacho PAC-Car II. Kwa nishati iliyo sawa na lita moja ya petroli, kilipimwa kuwa kinaweza kwenda kilomita 5,385. Piga hesabu mwenyewe: Dar es Salaam hadi Mwanza, kwenda na kurudi mara mbili, na bado una akiba!

Unaogopa mtihani? Sikia hii. Mwaka 1951, mhadhiri wa MIT huko Marekani aliwapa wanafunzi wachague: mtihani wa mwisho au andiko la utafiti. David Huffman akachagua andiko, akagundua njia ya kubana data iliyomshinda hata mwalimu wake. Hadi leo njia hiyo inabana picha za JPEG, zilezile zinazojaa kwenye simu yako.

Na je, wajua kuna daraja lililopimwa kwa mwili wa mwanafunzi? Mwaka 1958, vijana wa MIT walimlaza chini mwenzao Oliver Smoot, mwenye urefu wa sentimita 170, wakachora alama, wakamwinua, wakamlaza tena, mpaka mwisho wa Daraja la Harvard. Jibu lilikuwa Smoot 364.4, kuzidi au kupungua kwa sikio moja! Alama zipo mpaka leo, na Smoot mwenyewe baadaye akawa rais wa ISO, Shirika la Kimataifa la Viwango.

Mwaka huohuo, usiku mmoja wa Juni, wanafunzi wa uhandisi wa Cambridge, Uingereza, walipandisha gari la Austin Seven juu ya paa la jengo la Senate House. Kulipokucha, watu wote macho juu! Wakuu walihangaika karibu wiki nzima, mwishowe wakalikata vipandevipande ndipo likashuka.

Google je? Ilianza kama mradi wa utafiti wa wanafunzi wawili wa uzamivu huko Stanford, Larry Page na Sergey Brin. Diski 10 za kompyuta yao zilikaa ndani ya kasha la Lego, vile vitofali vya kuchezea watoto. Nafasi yote ilikuwa GB 40: huenda simu yako inaishinda!

Shika benchi vizuri. Tarehe 21 Aprili 2019, roketi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California ilivuka kilomita 100 kwenda juu, pale anga za juu zinapohesabiwa kuanza. Ndiyo ya kwanza duniani kubuniwa na kuundwa na wanafunzi ikafika huko.

Unadhani Afrika Mashariki tumelala? Mwaka 2011, wanafunzi na wahadhiri wa Makerere, Uganda, waliendesha gari lao la umeme la viti viwili, Kiira EV. Kutokana na mradi huo likazaliwa Kayoola, basi la abiria 35 lenye paneli za sola juu ya paa, lililozinduliwa mwaka 2016.

Na satelaiti ya kwanza ya Kenya? Ilitoka Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma! Jina lake 1KUNS-PF, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, na iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tarehe 11 Mei 2018.

Basi ukienda Maonesho ya Sabasaba, usipite mabanda ya vyuo bila kuingia. Msogelee mwanafunzi, umwulize: "Hii inafanyaje kazi?"