Monita ya Saiba Husomwa na Watu Wawili

Mwezi Juni ukielekea ukingoni, saiba zilizo kandokando ya Ziwa Naivasha hujaa wafanyakazi wa mashamba ya maua, kila mmoja na fomu yake ya P9, ya mshahara na kodi ya mwaka, mkononi. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa Mamlaka ya Mapato (KRA), na wengi wao hawana kompyuta nyumbani. Mwenye saiba huketi mbele ya skrini akichapa tarakimu. Mteja hukaa kando yake kwenye stuli, akinyoosha shingo. PIN, mshahara wa mwaka mzima, kodi iliyokatwa, yote anayatazama kwa pembeni. Kosa likipita, atakayeulizwa ni yeye, si aliyemchapia.

Ndiyo maana anayetaka kufungua saiba Ndabibi, karibu na ziwa hilo, na anayetafuta monita ya wastani ya inchi 22 hadi 27, anafaa kuanza na swali ambalo bango la duka halimjibu: aliyeketi kando ataona nini?

Jibu limo katika aina ya paneli. Paneli za TN, ambazo zimejaa kwenye monita za zamani na za bei ya chini, hufifia ukizitazama kutoka upande, na ukizitazama kutoka chini rangi hugeuka kabisa. Za VA zina weusi uliokolea na hupendeza kwa filamu, lakini nazo hupauka kadiri unavyosogea kando. Za IPS hubaki karibu vilevile kutoka pande zote. Kwa kazi ya saiba, simshauri mtu kununua nyingine isipokuwa IPS, hata kama itambidi asubiri miezi miwili kuongeza pesa. Ukiwa dukani, omba wakufungulie ukurasa mweupe wenye maandishi ya kijivu. Kisha ondoka mbele ya skrini, simama pale ambapo mteja wako angeketi, na uiname kidogo. Maandishi yakikupotea hapo, yatampotea mteja pia.

Kuhusu ukubwa, beba karatasi ya A4. Monita inayouzwa kama ya inchi 24 kwa kawaida ni 23.8, na skrini yake ina kimo cha sentimita 29.6 hivi. A4 ina kimo cha sentimita 29.7. Ukiiweka karatasi juu ya skrini hiyo, vinakaribiana kabisa, na upana unabakisha nafasi ya ukurasa wa pili pembeni. Kwa hivyo P9 iliyoskaniwa inaweza kufunguliwa upande mmoja na fomu ya iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, upande wa pili, na watu wawili wakalinganisha mstari kwa mstari. Ya inchi 22 ni fupi kidogo kwa kazi hiyo. Ya inchi 27 huvutia macho, lakini nyingi za bei nafuu zina pikseli zilezile 1920 kwa 1080. Pikseli hizo zikitandazwa kwenye eneo kubwa zaidi, kila inchi inabaki na pikseli 82 hivi badala ya 93 za ile ya 23.8, na herufi ndogo huanza kuonyesha kingo zenye vijino. Ukitaka inchi 27, tafuta yenye 2560 kwa 1440. La sivyo, 24 inatosha.

Wauzaji watakusifia hezi, yaani mara ambazo picha huburudishwa kila sekunde: 75, 100, 144. Kwa michezo, sawa. Kwa fomu ya eCitizen, 60 haina kasoro yoyote.

Mpya au ex-UK, yaani ya mtumba kutoka Uingereza? Hapa nakiri naelemea upande wa ex-UK, na sababu yangu si bei pekee. Monita zilizotengenezewa ofisi, kama Dell P2419H au HP EliteDisplay E243, ni za IPS na zina stendi inayopanda, kushuka na kuzunguka. Unaisukuma kwa mkono mmoja, inamgeukia mteja, anasoma jina lake kabla hujabonyeza kuwasilisha. Mpya nyingi za bei ya chini huinama mbele na nyuma tu. Lakini ya mtumba ikague: ukurasa mweupe utakuonyesha kona zilizogeuka manjano, na ukurasa mweusi pikseli zilizokwama na mwanga unaovuja kingoni. Epuka zile za kale zinazotumia taa za florosenti badala ya LED. Hula stima zaidi na mwanga wake huzeeka.

Stima yenyewe si mzigo mkubwa. Monita ya LED ya inchi 24 hutumia takriban wati 20, hivyo UPS ndogo itakupa muda wa kumaliza fomu umeme ukikatika. Mwanga wa mlangoni na vumbi la udongo wa volkeno ndio wasumbufu. Chagua skrini isiyong'aa, iweke ubavu kwa mlango, na usiifute ikiwa kavu, kwani vumbi hilo hukwaruza. Tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo, bila sabuni wala spiriti.

Mwisho, nenda na kebo yako, na CPU yenyewe ikiwezekana. Baadhi ya ex-UK hazina HDMI, na VGA hutia herufi ukungu kidogo. Iunganishe papo hapo kwenye kaunta, iache iwake kwa dakika kadhaa, kisha muuzaji aandike kwenye risiti nambari ya monita na siku anazokuruhusu kuirudisha.