Sekunde 11 Zazaa Wimbo Mzima

Mama mwenye busara hatupi vipande vya kitambaa vilivyobaki chini ya cherehani. Huviweka kapuni, na siku moja huviunganisha akapata blanketi la mtoto. Wako mafundi wa muziki wafanyao vivyo hivyo, ila vipande vyao ni vya sauti.

Watoto wetu huzisikia nyimbo hizo kila siku katika redio na simu, nasi wazazi huuliza: wapigaji wako wapi? Wengine husema hiyo si kazi, ni mashine ijipigiayo yenyewe. Yafaa tuchunguze kwanza, ndipo tuhukumu.

Mtambo wenyewe

Mwaka 1988 kampuni ya Akai ya Japani ilitoa mtambo uitwao MPC60, uliobuniwa na fundi Mmarekani, Bwana Roger Linn. Una vitufe 16 vya mpira, safu nne za vinne vinne. Fundi hunasa sauti, labda pigo moja la ngoma, au mlio wa gitaa kutoka katika santuri, na kila sauti huipa kitufe chake. Kisha hupiga vitufe kwa vidole, na mtambo hukumbuka alichopiga na kukirudia bila kuchoka.

Nafasi ya kutunzia sauti ilikuwa haba. MPC60 ilipotoka iliweka sekunde 13 tu. Mwenzake SP-1200, wa kampuni ya E-mu ya Marekani, uliotoka mwaka 1987, uliweka sekunde 10. Lakini uhaba hufundisha akili. Mafundi walichukua santuri ya mizunguko 33 kwa dakika, wakaipiga kwa mwendo wa 45. Kipande cha sekunde 4 kikapita kwa sekunde 3 hivi, wakakinasa, kisha wakakipunguza mwendo ndani ya mtambo. Sauti ikatoka nzito, yenye mikwaruzo kidogo, na watu wakaipenda.

Tabu yaanzia hapa

Tuseme fundi ametengeneza fungu la mapigo 16, kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika. Fungu hilo lachukua sekunde 11 hivi. Akilirudia mara 16, atapata karibu dakika 3, yaani urefu wa wimbo. Lakini huo si wimbo bado. Ni sawa na mtu asemaye neno lile lile mara 16. Vijana wengi hukwama hapa: wana mafungu mia sandukuni, wala hawana wimbo hata mmoja.

Dawa yake ni hii. Kwanza tengeneza fungu lililojaa kila kitu: ngoma kubwa, ngoma ndogo, matoazi, besi na gitaa. Liite B. Halafu linakili mara tatu, na katika kila nakala upunguze. Katika A bakiza gitaa na matoazi tu. Katika C ondoa besi, uongeze mlio mmoja mpya. Katika D nyamazisha ngoma zote, na mwishoni uache kimya kidogo.

Sasa yapange: A mara 2, B mara 4, C mara 2, B mara 4, D mara 1, B mara 2, kisha A mara 1 ya kuagia. Jumla yake ni 16. Hukuongeza sauti ila moja, lakini sasa wimbo una mlango wa kuingilia, una sebule, na una mlango wa kutokea. B irudipo baada ya kile kimya cha D, msikilizaji huinua kichwa, ingawa ni B ile ile aliyokwisha kuisikia.

Mwalimu wa kwaya alijua jambo hili siku nyingi. Haimbishi sauti zote nne tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Huanza na sauti moja, huwaleta wengine kwenye kiitikio, huwanyamazisha tena. Kunyamaza nako ni sehemu ya kuimba.

Mwana wa Detroit

Aliyesifiwa sana kwa kazi hii ni James Dewitt Yancey, aitwaye J Dilla, aliyezaliwa Detroit, Marekani, tarehe 7 Februari 1974. Wazazi wake walikuwa watu wa muziki: baba alipiga besi, mama aliimba. Mtambo wake ulikuwa MPC3000, uliotoka mwaka 1994. Mtambo huo waweza kunyoosha mapigo yote yakae sawasawa kama askari wa gwaride. Yeye alikataa unyoofu huo. Pigo moja aliliwahisha kidogo, jingine alilichelewesha, hata ngoma ikatembea kama mtu mwenye miguu na moyo. Wapiga ngoma hodari wakaanza kujifunza kupiga kama yeye.

Kisha akaugua ugonjwa wa damu. Tarehe 7 Februari 2006, siku alipotimiza miaka 32, santuri yake iitwayo Donuts ilitolewa. Ina vipande 31, vingi vifupi. Cha kwanza alikipa jina lenye maana ya mwisho, na chenye jina la mwanzo akakiweka kuelekea mwisho. Siku tatu baadaye alifariki.

Mama yake mzazi, Bibi Maureen Yancey, ndiye aliyeutoa mtambo ule kwa makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani weusi, mjini Washington. Kila mzazi aliyekunja nguo za mwanawe aliyekufa ataelewa uzito wa kipawa hicho.

Mali ya mtu

Hata hivyo liko jambo moja tusilifiche. Kipande kinaswacho kutoka katika santuri kina mwenyewe. Mwaka 1991, huko New York, mwimbaji Biz Markie na kampuni yake walishtakiwa kwa kutumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan. Walikuwa wameomba ruhusa, lakini santuri ikauzwa kabla hawajapewa. Jaji Kevin Thomas Duffy aliianza hukumu yake kwa amri ya Mungu ikatazayo wizi, ile tuijuayo kuwa ya saba, akazuia santuri isiuzwe. Tangu hapo makampuni makubwa yakawa makini zaidi kuomba ruhusa na kulipa kabla ya kutumia kipande cha mtu.

Basi, wazazi, kijana wako akikuonyesha mtambo wa namna hii, usimcheke, wala usimwache tu. Muulize maswali mawili. La kwanza: vipande hivi ni vya nani? Akisema ni ngoma ya babu aliyoinasa mwenyewe kwa idhini ya babu, mshukuru. La pili: wimbo wako waishia wapi? Akishindwa kujibu, mwambie arudi apunguze. Vipande vizuri watu wengi wanavyo. Blanketi hupatikana kwa yule akaaye chini akashona hadi pindo la mwisho.